Rupia 179 na paisa 20: Shah Bano na hesabu ya matunzo baada ya talaka

Kesi ya Mohammed Ahmed Khan dhidi ya Shah Bano Begum, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya India tarehe 23 Aprili 1985, wengi wanaijua kama kesi ya dini. Ilitoa watu barabarani, ilimfanya waziri ajiuzulu, na ilizaa sheria mpya bungeni. Katika kelele zile kuna jambo lilisahauliwa: ilikuwa kesi ya matunzo, ilianzia kwa hakimu wa kawaida, na mama aliyeifungua alikuwa akiomba rupia 500 kwa mwezi. Hapa naisoma hivyo, kama shauri la mume, mke na pesa. Maswali yaliyomkabili Shah Bano ndiyo yanayomkabili mtalaka yeyote anayesimama kizimbani, awe Indore, Mombasa au Kariakoo. Una nini? Unahitaji nini? Yeye ana nini? Na kwa nini akulipe ilhali si mumeo tena?

Walioana mwaka 1932. Mume alikuwa wakili katika mji wa Indore, jimbo la Madhya Pradesh, na walijaliwa watoto watano, wavulana watatu na wasichana wawili. Baadaye mume akaongeza mke. Mwaka 1975, ndoa ikiwa na umri wa miaka 43, Shah Bano alitolewa nyumbani. Aprili 1978, akiwa na miaka 62, alipeleka maombi kwa hakimu akidai mumewe anaingiza takriban rupia 60,000 kwa mwaka kutokana na uwakili wake na hamhudumii. Kwa mwezi hiyo ni rupia 5,000.

Maombi yake aliyapeleka chini ya kifungu cha 125 cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai. Msomaji wetu atashangaa matunzo ya mke yanatafuta nini katika sheria ya jinai. Asili yake ni kifungu cha 488 cha sheria ya Waingereza ya mwaka 1898, kilichowekwa ili mke na watoto waliotelekezwa wasiishie kuombaomba barabarani. Ndiyo maana njia yake ilikuwa fupi, haikuuliza dini ya mtu, na anayekaidi amri aliweza kufungwa. Ndiyo maana pia ilikuwa na kikomo: hakimu hakuruhusiwa kuamuru zaidi ya rupia 500 kwa mwezi, hata mume angekuwa na viwanda. Shah Bano aliomba kiwango cha juu kabisa ambacho sheria iliruhusu, nacho kilikuwa sehemu moja ya kumi ya kipato alichomtajia mumewe.

Tarehe 6 Novemba 1978, kesi ikiwa bado kwa hakimu, mume alitoa talaka isiyo na rejea. Kisha akaja na utetezi wenye sehemu tatu. Huyu si mke wangu tena. Nilikuwa nikimpa takriban rupia 200 kwa mwezi kwa miaka kama miwili. Na nimeshaweka mahakamani rupia 3,000 za mahari katika muda wa eda. Kwa hesabu yake, deni limekwisha.

Talaka inayokuja katikati ya kesi ya matunzo si jambo geni. Chini ya sheria ya 1898 ilikuwa ndiyo njia ya mkato: mke akienda kwa hakimu, mume anatamka talaka, na amri ya matunzo inakosa mtu wa kumlipa. Watunga sheria wa mwaka 1973, walioiandika upya sheria ile na kuleta kifungu cha 125, waliliona hilo, wakaandika kwamba kwa ajili ya kifungu kile "mke" ni pamoja na mwanamke aliyeachwa ambaye hajaolewa tena. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya utetezi ilianguka kwa maandishi ya sheria yenyewe. Sehemu ya tatu, ile ya mahari, ndiyo iliyobeba kesi hadi juu.

Hakimu wa kwanza

Agosti 1979 hakimu aliamuru mume alipe rupia 25 kwa mwezi.

Wengi wanaoiandika kesi hii huipita namba hiyo mbio ili wafike kwenye siasa. Kwangu mimi ndiyo kiini chake. Hakimu alimpa Shah Bano ushindi wa kisheria. Alikubali kwamba mwanamke aliyeachwa anastahili matunzo na kwamba mahari iliyowekwa haikumaliza deni. Kisha, alipofika kwenye kiasi, akatoa nusu ya asilimia 1 ya kipato kilichodaiwa. Kwa kipimo hicho, zile rupia 3,000 za mahari zingekuwa matunzo ya miaka 10. Kwa kipimo alichoomba mwenyewe, zingekuwa matunzo ya miezi 6. Tofauti kati ya miezi 6 na miaka 10 haimo katika kifungu chochote. Imo katika kichwa cha hakimu, kwenye picha aliyonayo ya maisha yanayomfaa mwanamke wa miaka 63 aliyeachwa.

Hapo ndipo kesi nyingi za matunzo zinapopotea, na si India peke yake. Mawakili hubishana kwa saa nzima kuhusu haki, kisha kiasi kinatupwa mwishoni kwa sentensi moja, bila risiti ya kodi ya chumba, bila bei ya dawa, bila ushahidi wa mshahara. Hakimu anayeachiwa pengo hulijaza kwa mazoea. Na kwa vile kifungu cha 125 kilizaliwa kuzuia ufukara, mazoea yalikuwa kumpima mke kwa njaa yake, na kipato cha mume hakikutazamwa sana.

Shah Bano alipanda Mahakama Kuu ya Madhya Pradesh. Julai 1980 kiasi kilipandishwa hadi rupia 179 na paisa 20. Ilikuwa zaidi ya mara saba ya amri ya kwanza, lakini haikufika asilimia 4 ya kipato cha mume. Tena ilikuwa chini ya zile 200 ambazo yeye mwenyewe alisema alikuwa akitoa kwa hiari. Kwa fedha hiyo mume, mwanasheria kwa kazi, akakata rufaa Mahakama ya Juu, Delhi.

Mahari ni malipo ya nini?

Kifungu cha 127(3)(b) cha sheria ileile kilisema amri ya matunzo ifutwe ikiwa mwanamke aliyeachwa amekwisha kupokea jumla yote ambayo, kwa sheria ya dini au mila yao, hulipwa kwa sababu ya talaka. Mume alisimama hapo: mahari imelipwa, eda imepita, basi. Upande wake yaliingia mashirika mawili ya Waislamu wa India, All India Muslim Personal Law Board na Jamiat Ulema-e-Hind, yakisema kwamba kwa fiqhi wajibu wa mume unakoma eda inapokwisha.

Mahakama ilikuwa imekwisha kuligusa suala hili. Katika kesi ya Bai Tahira ya mwaka 1979 na ya Fuzlunbi ya mwaka 1980, Jaji Krishna Iyer alikataa kwamba kijumla cha mahari kisichoweza kumlisha mtu kinaweza kuzima matunzo. Februari 1981 majaji wawili waliopokea rufaa ya Khan walitilia shaka uamuzi huo, wakaipeleka kwenye jopo kubwa zaidi. Waliokaa mwishowe walikuwa watano, chini ya Jaji Mkuu Y. V. Chandrachud.

Jibu lao lilitokana na swali ambalo mtu yeyote wa pwani angeweza kuliuliza barazani: mahari hutolewa kwa ajili ya nini? Hutolewa kwa sababu ya ndoa, kama heshima kwa mke. Ikiwa sehemu yake imecheleweshwa ikabaki deni, na deni hilo likaiva siku ya talaka, bado ni deni la ndoa; talaka ni tarehe ya kulilipa tu. Mume hamwachi mke ili amheshimu. Basi kitu kilichotolewa kwa heshima ya ndoa hakiwezi kuhesabiwa kuwa malipo ya kuachana, na kifungu cha 127 hakimsaidii.

Kwa sheria, hoja hiyo ilitosha kumaliza kesi. Jopo halikuishia hapo. Lilinukuu aya za 241 na 242 za Surat al-Baqara, zinazotaka mwanamke aliyeachwa apewe cha kumliwaza kwa wema, likaamua kwamba hakuna mgongano kati ya Qur'ani na kifungu cha 125. Likaongeza masikitiko kwamba ibara ya 44 ya katiba, inayoahidi sheria moja ya familia kwa raia wote, imebaki maneno matupu. Maoni yangu ni kwamba kurasa hizo hazikuhitajika, na ziliigharimu hukumu. Masheikh waliokuwa tayari kubishana juu ya rupia 179 walijikuta wanabishana na majaji juu ya tafsiri ya Kitabu. Hoja ya mahari ingeweza kusimama peke yake, na isingekuwa rahisi kuipinga.

Rufaa ilitupwa. Mume akaamriwa kulipa gharama za kesi, rupia 10,000. Tazama hesabu hii: gharama za rufaa peke yake zilikuwa sawa na matunzo ya zaidi ya miaka minne na nusu kwa kiwango alichokuwa anakipinga. Mahakama ikakumbusha pia kwamba Shah Bano yuko huru kurudi kwa hakimu kuomba nyongeza akithibitisha hali imebadilika. Kiasi chenyewe haikukigusa, kwa kuwa hakuna aliyeiomba ikiongeze. Kwa hiyo hukumu mashuhuri kuliko zote kuhusu matunzo ya mtalaka haikusema lolote juu ya namna ya kupima kiasi.

Yaliyofuata

Novemba 1985 Shah Bano, akiwa ameelemewa na lawama za jamii yake, alitoa barua ya wazi kuikataa hukumu iliyompa haki. Mwaka uliofuata serikali ya waziri mkuu Rajiv Gandhi ilipitisha sheria ya kulinda haki za wanawake wa Kiislamu walioachwa. Arif Mohammad Khan, waziri aliyeitetea hukumu bungeni, alijiuzulu. Sheria ile ilisomwa na wote kama kurudisha mambo ya zamani: mume alipe ndani ya eda, na baada ya hapo mwanamke awageukie ndugu ambao wangemrithi, na wakishindwa, bodi ya wakfu ya jimbo.

Ila mwandishi wa kifungu cha 3 alikuwa ameacha mlango wazi. Kifungu hakikusema mume atoe masurufu ya kipindi cha eda. Kilisema atoe, ndani ya kipindi cha eda, fungu la haki na la kutosha pamoja na matunzo. Mahakama Kuu za Kerala na Gujarat ziliuona mlango huo mapema, mwaka 1988: eda ni muda wa kulipa, siyo kipimo cha kiasi kinacholipwa. Mume ana miezi mitatu ya kutoa fungu linaloangalia maisha yote ya mwanamke yaliyobaki. Danial Latifi, wakili aliyekuwa upande wa Shah Bano, aliishtaki sheria hiyo kuwa inakiuka katiba, na tarehe 28 Septemba 2001 Mahakama ya Juu ikaipitisha kwa sharti kwamba isomwe hivyo. Shah Bano hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1992.

Mwaka huohuo wa 2001 Bunge liliondoa kikomo cha rupia 500. Baada ya hapo mjadala ukageuka kwenda ulikopaswa kuwa tangu mwanzo, yaani kwenye kiasi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilitaja asilimia 25 ya mshahara halisi wa mume kama kipimo cha haki. Si sheria, ni dira tu, na mahakimu wengi wameishika. Kwa kipato cha mume wa Shah Bano hiyo ingekuwa rupia 1,250. Tarehe 4 Novemba 2020, katika kesi ya Rajnesh dhidi ya Neha, mahakama hiyo iliagiza kila upande ujaze hati ya kiapo inayoorodhesha mali, mapato, matumizi na madeni, na amri ihesabiwe tangu siku maombi yalipowasilishwa. Hapo mume anayevuta kesi kwa miaka mitatu anavuta pia deni lake. Hakimu ameelekezwa aangalie elimu ya mke, kazi aliyoiacha ili alee watoto, hali waliyoizoea, na wanaomtegemea mume kwa haki. Kwamba mke ana kipato chake hakufuti dai. Kinachoulizwa ni kama kinamtosha kwa hali aliyoizoea ndoani.

Na tarehe 10 Julai 2024, katika rufaa ya mume wa Telangana aliyeamriwa kulipa rupia 10,000 kwa mwezi, majaji B. V. Nagarathna na Augustine George Masih walisema mwanamke wa Kiislamu aliyeachwa anaweza kutumia kifungu cha 125 au sheria ya 1986, kwa hiari yake. Ilichukua miaka 39 kurudi pale Chandrachud alipoishia.

Angefungua Kariakoo

Sasa chukua kisa kilekile, tarehe zilezile, ukilete Tanzania. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa tayari inafanya kazi. Kifungu cha 115 kinampa hakimu uwezo wa kuamuru mume amtunze mke au aliyekuwa mkewe, na hata mke amtunze mume asiyejiweza kwa maradhi au majeraha. Lakini kina sharti zito: ndoa ikishavunjwa, matunzo hayaendelei isipokuwa mahakama ione sababu maalumu, na kwa ndoa ya Kiislamu, yanaweza kuamriwa kwa kipindi cha eda. Kenya ilichagua njia nyingine. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Ndoa ya 2014 kinaruhusu amri dhidi ya yeyote kati ya wawili, wakati wa talaka au baada yake, bila kudai sababu maalumu.

Kwa haraka mtu atasema Shah Bano wa Kariakoo angepata miezi mitatu na kurudi kwa watoto wake. Sikubali, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni nyumba. India haina sheria ya kugawa mali ya ndoa. Kilichoandikwa kwa jina la mume ni cha mume. Miaka 43 ya kupika, kulea na kupokea wageni wa wakili haikumzalishia Shah Bano tofali hata moja, kwa hiyo matunzo ndiyo yaliyobaki kubeba kila kitu. Kwetu kifungu cha 114 kinaruhusu kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Miaka miwili kabla ya hukumu ya Delhi, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu iliyoanzia mahakama ya mwanzo hapohapo Kariakoo, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Rufaa yenyewe mama yule alishindwa, lakini kanuni ilibaki na bado inatawala. Shah Bano wetu angeanza kwa kudai fungu lake katika nyumba, kisha ndipo adai matunzo kwa kile ambacho nyumba haikifidii. Mwombaji anayepeleka dai la matunzo peke yake na kuacha la mali anajinyima kwa mkono wake.

Ya pili ni namna ya kusoma sharti lenyewe. Eda imetajwa pale kama nyongeza kwa ndoa ya Kiislamu, kitu anachoweza kupewa mwanamke bila kuthibitisha sababu maalumu yoyote. Sioni mahali kifungu kinaposema kwamba, kwa kuwa ana eda, ule mlango wa sababu maalumu umefungwa kwake na kubaki wazi kwa Mkristo au aliyeoana kiserikali. Ni kosa lilelile la mwaka 1986, la kugeuza muda wa kulipa kuwa kikomo cha malipo.

Na sababu maalumu ni ipi? Sheria haikuitafsiri. Mimi ningeiweka mbele ya hakimu kwa mambo ya kuthibitika, siyo kwa machozi: umri wa miaka 62, hana kazi wala hajawahi kuwa nayo nje ya nyumba, ndoa ya miaka 43, mume ambaye bado anapokea wateja. Kisha kifungu cha 116 kinataka kiasi kitokane kwanza na uwezo na mahitaji ya pande zote, ndipo hakimu aangalie nani alivunja ndoa kwa kiasi gani na desturi za jamii yao zikoje. Hiyo ya lawama inafaa kuangaliwa kwa tahadhari, maana inawavuta mashahidi wa ugomvi wa chumbani kwenye shauri ambalo lingeamuliwa kwa karatasi. Karatasi zinazohitajika zinajulikana: mkataba wa pango, kadi ya kliniki na bei ya dawa za kila mwezi, taarifa za benki au za simu zinazoonyesha alichokuwa anatuma zamani, leseni ya biashara au hati ya mshahara wake. Khan alisema mwenyewe alikuwa akitoa 200. Namba iliyotoka mdomoni mwa mlipaji ingekuwa sakafu ya kuanzia hesabu, na pale Indore hakimu aliiacha ipite akaandika 25.

Amri ikishatoka haijafungwa kwa misumari. Mke akiolewa tena, haki ya matunzo inakoma. Hali ya upande wowote ikibadilika, mahakama inaweza kupandisha, kushusha au kufuta, kwa maombi yenye ushahidi kama ule wa mwanzo.